Kwa Dalva, Kabla ya Jumanne

Unaniuliza kama inauma.
Kucheka ndiko kunakouma, Dalva.
Mwambie Ademir afunge mdomo wiki mbili,
na ukohoapo, kumbatia mto
kama mwizi na mzigo wake.

Utatoka hospitali umepinda,
mwanamke wa miaka arobaini na mmoja
anayetafuta sarafu kwenye lami ya Goiânia.
Usijinyooshe. Mshono hauna haraka.

Mirija miwili itaning'inia kiunoni.
Mume wangu aliandika ujazo wake mlangoni pa friji,
themanini, sitini, arobaini na tano,
kando ya bili ya umeme.
Sijawahi kupendwa kwa hesabu namna ile.

Mkanda utakubana hadi usingizini.
Utalala kitini, magoti juu.
Usimnyanyue mtoto, hata akilia,
hata akikuita kwa jina lako kamili.

Lakini hili daktari hakuniambia:
ngozi waliyoikata
ilibeba ule mshono wa zamani,
mlango aliotokea Raíssa.
Waliutupa pamoja na mafuta.

Mwezi wa tatu sasa. Tumbo bapa,
kitovu kipya kama kifungo
cha shati la mtu mwingine.
Jana Raíssa alilaza kichwa chini yake.
Sikuhisi kitu, ganzi bado.
Nilijua yupo
kwa kuwa gauni lililowa:
alikuwa ametoka kuoga.

Sijuti. Suruali inafunga.
Usisahau mto.