Ukuta wa Namba, Mangaka

Ukuta wa gereji yangu ni bati, na bati lote limejaa namba.
Nyingine niliziokota korongoni baada ya mvua ya Machi:
maji yakishuka kwa hasira huvua vibao kwenye bampa
kama mama anavyomvua mtoto kofia mbele ya wageni.
Nyingine nilipewa. Moja nilihongwa, siitaji.

Watu husema, Nandonde, makopo haya ya nini?
Nawaambia kaa hapo, kwenye tairi hilo, nikusomeshe.

Njano ni ya mtu na mkewe. Nyeupe inatafuta hela.
SM ni halmashauri: huja kukagua choo cha shule, huondoka na kuku.
DFP ni mradi. Mradi ukiisha, gari huota magugu.
Nyeusi ile, iliyoliwa na kutu mpaka kwenye saba,
ilikuwa ya lori la ushirika, lilibeba korosho za baba
na halikurudi na malipo.

Sasa vuka daraja, pale Mtambaswala.
Kule herufi za mkoa hukaa mwisho, kama jina la babu.
NS ni Niassa, hiyo hata asiyejua kusoma huijua:
vumbi lake jekundu huingia mpaka ndani ya nati.
NP, Nampula. ZB, Zambezia, mbili tu kwa miaka kumi na tisa.
MC huku kwetu ni bodaboda;
kule ni Maputo penyewe, jiji zima.

Na CD.
Siku ya kwanza kuiona nilijua ni balozi,
ingawa balozi gani huja na pikapu isiyo na kioo,
makopa magunia sita, mbuzi wawili?
Nikapiga saluti, spana mkononi.
Dereva akacheka mpaka akaegemea usukani.
Akasema kwa Kimakua cha kwetu, kilichopinda kidogo tu:
"Ndugu yangu, hiyo ni Cabo Delgado.
Balozi ni huyo beberu huko nyuma."

Momade, mtu wa Balama.
Alipita kila msimu, nami nikaandika. Nina daftari:
tarehe, mzigo, gurudumu gani, deni.
Safari moja kibao chake cha mbele kilibaki na skrubu moja,
kinagonga njia nzima kama kifuniko cha sufuria.
Akaking'oa, akakitundika kati ya Blantyre na halmashauri.
"Nitakichukua nikirudi."

Kisha upande wa kule ukaja na habari zake.
CD zikapungua. Halafu zikaja nyingi kwa siku moja,
magodoro juu, watoto juu ya magodoro,
hakuna aliyesimama kujaza upepo.
Niliandika nilizowahi.
Nyingine zilipakwa tope kwa makusudi.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mwanamke alishuka kwenye lori la mkaa.
Hakuniamkia. Alikwenda moja kwa moja ukutani,
akaanza juu kushoto, kibao kwa kibao, midomo ikitembea,
mpaka kati ya Blantyre na halmashauri.
Akaweka kiganja.

Nikafungua daftari. Kurasa zimeshikana kwa grisi.
Nikamsomea: Juni, tarehe kumi na nne. Chumvi.
Nyuma kulia, kiraka. Elfu tatu, hajalipa. Anaelekea darajani.
"Kumi na nne?"
Kumi na nne.
"Sisi hitma tuliisoma kwa tarehe tisa."
Akahesabu kwa vidole, taratibu, vikaisha vya mkono mmoja.

Nikachukua spana namba kumi nimfungulie.
"Kiache," akasema. "Akipita, atakitafuta hapa hapa."
Akafungua pindo la kanga, akatoa elfu tatu.
Nilikataa. Aliziweka chini ya nyundo.
Nikaandika: imelipwa. Sikujua niweke tarehe gani.

Tangu hapo kibao kile hukifuta kwa mafuta ya taa kila Ijumaa,
na gari lolote likifunga breki hapa nje
nasoma herufi za mwisho kwanza.