Goti la Kushoto

Suruali ikifika mezani kwangu siulizi kazi ya mwenyewe.
Naigeuza ndani nje, naisoma.
Goti la kushoto pekee limeliwa: huyo ni mwashi,
hupiga goti moja, kama mtu anayeomba radhi nusu.
Yote mawili: huyo huweka vigae.
Msamba: mkokoteni.
Vitobo vidogo, vyeusi ukingoni,
kama nzi waliotua wakasahau kuruka:
hapo umefika kwa Shikuku na moto wake wa kuchomelea.

Miaka kumi na mmoja niko hapa Lunga Lunga,
mkabala na lango la kiwanda cha sabuni,
cherehani imefungwa mnyororo kwenye nguzo ya stima,
na swali ni lile lile:
"Mama Syombua, hii ya mia nne, inafaa?"

Mia nne. Imetandazwa kwenye turubai pale kona,
mifuko sita, utepe wa kung'aa gotini,
nembo ya simba
ambaye ukimtazama vizuri ni paka.
Nauvuta mshono kwa kidole gumba,
mshono unacheka, nauona meno.
Uzi umepita mara moja, hatua ndefu ndefu
za mtu aliyekuwa na haraka;
labda naye hulipwa kwa kipande.
Mifuko miwili ni ya picha tu. Haina tumbo.

Ile nyingine iko dukani, barabara ya Enterprise, nyuma ya kioo.
Elfu tatu na mia mbili.
Nimewahi kuishika. Nidanganye ya nini?
Kile ni kitambaa.
Uzi mara tatu, riveti kila pembe,
goti lina mlango wa kuingizia sponji.
Ukiikunja inakukatalia.
Hiyo ingekula miaka miwili ya zege na kudai mingine.

Omwenga wa vigae alipiga hesabu sakafuni, kwa chaki yangu:
ya mia nne hukaa wiki sita,
kwa miaka miwili ni kumi na saba na ushei,
karibu elfu saba,
bila viraka.
Akanyamaza. Akafuta kwa kiatu.

"Rahisi ghali," akasema kijana mmoja aliyeleta sare ya shule.
Maneno mazuri.
Ila huyasema vizuri zaidi anayelipwa kwa mwezi.
Omwenga hulipwa jioni, mia nane,
na mvua ikinyesha, hakuna.
Elfu tatu na mia mbili ni siku nne
bila unga, bila kodi, bila mtoto kukohoa.
Mia nne anayo.
Imo mfukoni, imekunjwa mara nne.

Basi mkitaka jibu langu ni hili:
inunue, lakini usiivae.
Niachie usiku mmoja.
Msambani nitapitisha uzi wa nailoni, mara mbili, na kurudi.
Ile mifuko ya uongo nitaing'oa niifanye magoti,
ipate kazi nayo.
Zipu nitaipaka mshumaa.
Mia na hamsini yangu.
Itafika miezi minne, mitano usipoifua na jiki.

Nasema hivyo, kisha namkumbuka Muasya.
Ya kwake ilikuwa buluu alipoinunua.
Mara ya mwisho alipoileta
nilitafuta kitambaa cha kwanza nishonee kiraka,
nikakosa.
Kiraka kilikuwa kimeshika kiraka,
kijani, kijivu, kipande cha pazia la mtu.
"Muasya, suruali yako ilienda wapi?"
Akacheka, akaegemea mkokoteni.
Tulikuwa tumeibadilisha polepole,
hata yenyewe haikujua.

Siku hiyo sikufungua daftari.
Ningejumlisha
ningeiona ile ya nyuma ya kioo, nzima, na riveti zake,
na aliyemuuzia, hamsini hamsini,
ni mimi.

Jumamosi Omwenga alirudi na ya mia nne, mpya, ina harufu ya mafuta ya taa.
Nikaigeuza ndani nje.
Yule simba-paka akanitazama.
Nikalamba uzi, nikatafuta tundu la sindano.