Alifu kwa Kijiti

Chuo cha shangazi Zuweina ki pale pale, Ibra,
chumba kimoja cha udongo, mfereji wa falaji ukipita nyuma,
kiyoyozi kikidondosha maji kwenye kopo la samli.
Mkeka ni ule ule. Msumari ukutani ni ule ule.
Henzirani ndiyo haipo.

Niliiteremsha mwenyewe, Jumapili ya kwanza,
nikaenda kuutegemezea mche wa ndimu.
Watoto waliutazama msumari wiki nzima
kama watu wanaosubiri mgeni.

Akaja baba yake Azzan, kanzu imepigwa pasi,
akanikabidhi mwana kwa maneno ya zamani:
“Nyama yako, maalima. Mifupa yetu.”
Nikamwambia, nyama rudi nayo, na mifupa,
mimi niachie masikio, na yale maswali yake.
Hakucheka.
“Sisi tulichapwa, na mbona tumehifadhi?”

Tumehifadhi, ndiyo.
Nilimaliza juzuu tano kabla meno ya mbele hayajaota upya,
na mpaka leo, alfajiri, nikiwa peke yangu,
nikifika aya moja, siitaji ni ipi,
kiganja cha kushoto hujikunja chenyewe.
Maana yake nilikuja kuijua nina miaka thelathini:
ilikuwa ikizungumzia rehema.

Azzan hakuandika alifu.
Bee aliandika, nokta yake chini kama kokwa ya tende,
tee, thee, jimu na tumbo lake,
lakini pa alifu aliacha nafasi.
Siku ya nne akaninong’oneza, kwa Kiswahili cha bibi yake:
“Ile imesimama. Inangoja mtu.”

Sikuwa na jibu. Nikamtoa nje.
Henzirani ilikuwa pale, imechomekwa mchangani,
ndimu imefungwa kwayo kwa utepe wa kanga kuukuu.
Akaigusa kwa kidole. Akaitikisa.
“Nayo itaota?”
“Haioti. Imeshikilia tu.”

Shangazi alituona dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu.
Hakusema kitu.
Usiku, nikimpaka mafuta miguuni, akauliza
kama ule mche unapata maji ya kutosha.

Alhamisi Azzan akanisogezea ubao.
Alifu yake ilikuwa imepinda,
juu imeegemea kushoto,
na pembeni amechora majani mawili.

Sikuinyoosha.