Kikombe cha Kumi na Moja

Juu ya Bethesda, upande wa Wales usiokauka,
saa sita pembe ililia machimboni,
wanaume wakaingia kibandani wakifuta kope vumbi la jiwe,
nami, mtoto wa miaka kumi na minne, nikamimina chai:
vikombe kumi na kimoja, kila kimoja na mwenyewe,
kila kimoja na ufa niliokuwa nikiujua kwa kidole.

Kwanza mkate. Kisha, kabla baruti haijalipuka, beti.
Mwenye kuleta kina cha uongo
alitumbukiza senti katika kopo la sukari.
Mshika kopo alikuwa Idwal. Baruti zilikwisha mla masikio,
basi alisikiliza kwa macho, akitazama midomo,
na kiganja chake kililala mezani
kikipokea mizani kupitia ubao.
"Una silabi inayochechemea," angesema,
naye hajasikia hata neno.

Kwake nilijifunza jiwe kwanza.
Jiwe halipasuki upendavyo; lina uzi wake,
unagonga, unangoja, linafunguka
kama kitabu kilicholala nje usiku.
Mshororo nao ndivyo: ukikata mapema unapata kifusi,
ukichelewa, paa la mtu litavuja.
Akaniambia nitamke: patasi, pigo, pembe, paa.
Midomo imegonga mara nne na nyundo hujashika.
Sasa: ukungu, mlima, mama, manyunyu.
Umesikia mlango wowote ukifungwa?
"Maana huja nyuma," akasema, "imebeba mwavuli."

Sikumkubalia yote. Alichukia tashbihi;
neno "kama" aliliita gongo la asiyetaka kutembea.
Gongo hilo nalipenda hadi leo.

Mwezi Machi jabali lilimwangukia kaka yangu, Gethin.

Siku ya tisa nikaleta shairi.
Lilikuwa na huzuni mara tatu, machozi mara mbili,
na malaika mmoja niliyemwazima kanisani.
Idwal akaisoma midomo yangu hadi mwisho.
Hakudai senti.
Aliuliza tu, "Mkate wake aliumega upande gani?"

Usiku ule nilimfuta malaika.
Kesho yake mkono ulisahau:
vikombe kumi na kimoja, watu kumi.
Hakuna aliyenisahihisha. Mvuke ukapanda
kutoka kile chenye ufa mrefu.
Nikasimama nikiwa bado nimeshika birika.

    Kofia msumarini, leo haijavaliwa,
    Mkate upo mezani, nusu yake imeliwa,
    Buti zake mlangoni, kamba zimefunguliwa,
    Chai ipo kikombeni,

Hapo nikanyamaza.
Vipande saba vilikuwa vimetimia, cha nane hakikuja.
Si kwamba nilikikosa. Nilikuwa nacho tangu alfajiri,
kina chake safi, mizani yake minane,
na kilipofika kooni nikakiona kuwa ni uongo.
Shingo zote ziliinama mbele zikisubiri ile -liwa,
jinsi mguu gizani unavyosubiri ngazi ya mwisho
ambayo fundi hakuijenga.
Mererid, mke wa bosi, aliyekuja na hesabu za mishahara,
alibaki na kalamu hewani.
Tudur, ambaye angekutoza faini kwa kupiga chafya nje ya mizani,
alilitazama kopo,
akalisukuma mbali kwa kiwiko.

Kiganja cha Idwal hakikuondoka ubaoni.
Kilingoja.

Ndipo baruti ikalipuka mlimani.
Vikombe vikagongana, meza ikatetemeka,
kile kimoja kikamwaga chai kidogo
iliyotafuta njia kati ya mbao, polepole,
hadi kwenye vidole vya mzee.
Alivitazama. Akaitazama midomo yangu, iliyofungwa.

"Umetimia," akasema.