Milimita Tatu

Walianza kucheka kwenye mazoezi ya kwaya:
"Tusekile, unamkonyeza nani, mzee wa kanisa?"
Nikacheka nao. Jina langu lenyewe ni kicheko,
na kope ilikuwa imelala tu,
kama pazia lililoachia kulabu moja.

Mvua ya Tukuyu haiulizi mwezi.
Ilikuwa ikinyesha siku nilipotia uzi kwenye cherehani
nikaona sindano mbili.
Nikalenga ya uongo.
Tena, ya uongo.
Mara ya tatu nikafumba jicho la kushoto,
moja ikapotea, uzi ukapita.
Tangu hapo nimeshona sare kumi na nne,
na hakuna pindo lililokwenda upogo.

Mlima nao ni miwili. Rungwe mmoja umekaa
pale Mungu alipouweka; mwenzake umeteleza
mpaka juu ya bati la mama Ambindwile.
Mjukuu wangu Lusungu akileta chai
vikombe huja viwili, na mimi
hunyoosha mikono nikangoja joto liniambie.

Nilidhani ni miwani.
Huko Mbeya daktari wa macho, kijana, vidole baridi,
alisimamisha rula kando ya uso wangu.
"Jicho halijatoka, mama. Limeingia.
Limerudi nyuma milimita tatu."
Mimi fundi. Milimita tatu nazijua:
ndizo zinazotenga gauni linalokaa
na gauni linalorudishwa na mwenyewe kanuna.
Kisha akaiweka rula mezani,
akaniuliza habari za titi.

Titi?
Miaka sita. Nilikwisha liaga hilo.
Nilijishonea jingine la marekani,
nikalijaza ulezi, nikalipima na lile lililobaki,
huku na huku, kama muuza nyama,
natia punje, natoa punje,
hata mabega yakakubali.
Waliojua siri ni panya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu alikuja na jembe lake.
Alilima kifuani, wakamfukuza, tukafunga mlango;
kumbe alipanda usiku, polepole, bila taa,
akafungua shamba nyuma ya jicho,
chumba ambacho hata mimi mwenye nyumba
sijawahi kukiingia.

"Uvimbe mwingine husukuma," kijana alisema,
"huu unavuta. Kama uzi uliokazwa mno,
kitambaa kikajikunja."
Alitafuta mfano akaupata kwenye kazi yangu.
Nikamshukuru. Nikamchukia pia, kidogo.

Barua ya rufaa iko kwenye kopo la vifungo.
Safari ni Jumatatu.
Leo imebaki kola moja, ya mwimbaji wa sauti ya pili,
mwanamke wa shingo nene na deni la mwaka jana.
Lusungu ameegemea meza ya cherehani.
"Bibi, mbona unafumba jicho?"
"Nalenga."
"Unalenga nini?"

Uzi umekatika. Naulamba ncha,
naanza upya.