Arobaini

Brooks, Alberta. Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nimelala chali juu ya boksi la friji lililokunjuliwa,
spana namba kumi na tisa mkononi,
nati ya sampu imenikazia uso kama mdai.

Injini niliiwasha kidogo kwanza,
oili ishuke ikiwa vuguvugu.
Imeshuka nyeusi tii, ikatambaa hadi kiwikoni.
Siku tatu tu ndani ya dizeli, hata mpya huwa lami.

Baba, utingo wa malori ya Makambako miaka kumi na minane,
alinifunza mafuta ni uzito: "Weka arobaini kavu, uone."
Desemba niliweka.
Alfajiri pikapu ikaguna, ikagoma, betri ikanifia,
zamu ya machinjioni ikaenda bila mimi.

Jirani Verlyn alichungulia, akacheka kwa pua,
akaniachia galoni: sifuri-dabliu-arobaini.
"Sifuri ya asubuhi," akasema, "arobaini ya barabarani."

Sasa lita kumi na mbili, filta mpya.
Simu inalia.
"Umeweka namba ngapi?"
"Arobaini, baba."

Sifuri nimeimeza.
Za mwizi ni hizo hizo, najua,
lakini injini imeitika mkupuo mmoja.