Mwandiko wa Mwalimu

Wakati wa kupeana amani, Bwana,
mzee Zenonas huachwa peke yake.
Watu wa Girvainiai hugeukia kulia, hugeukia kushoto,
hushikana mikono yenye harufu ya sabuni na kitunguu,
naye hubaki ameung'ang'ania ubao wa benchi
kana kwamba kanisa linazama.

Leo nimechelewa. Theluji ilifunga njia ya kwetu.
Nafasi iliyobaki ni mbele yake;
kikohozi chake kinanipiga kisogoni.

Ndiye aliyenifundisha kuandika.
Nilikuwa na miaka saba. Alinishika kidole,
akasema: herufi ina uti wa mgongo, usiuvunje.
Hata leo k yangu hupiga goti la mguu mmoja
kama yake.

Na majina yetu aliyaandika vizuri.
Niliiona ile karatasi miaka hamsini baadaye,
katika chumba cha nyaraka huko Vilnius:
wino wa buluu, mistari imenyooka,
baba, mama, mimi, Jokūbas wa miezi kumi,
ng'ombe wanne, farasi mmoja.
K yenye goti.

Walitupakia katika behewa la mifugo, mwezi wa tatu.
Jokūbas tulimwacha kwenye stesheni
ambayo jina lake sikuweza kulisoma.
Herufi zile mwalimu hakuwa amenifundisha.
Ardhi ilikataa sepetu.
Tulimfunika kwa theluji,
na theluji, unajua mwenyewe, haidumu.

Padre anasema Zenonas ametubu,
anasema dhambi zake umezitupa vilindini.
Kwa ruhusa ya nani?
Mtu husamehe deni lake; la jirani haligusi.
Aliyekuwa akimdai
hakuwa hata na meno ya kutamkia neno.

Naitazama sanamu yako ya mti wa mlinzi,
kidole cha mguu kimelika kwa mabusu.
Mchongaji alisahau kukupa kucha,
lakini misumari hakuisahau.
Labda hukulifuta jina la mtoto
ili la mzee lisafike.
Labda umeyaandika yote mawili
katika kiganja kimoja, moja juu ya jingine,
na msumari ukapita hapohapo.

Sijui. Mimi ni mfuga nyuki.
Najua tu kwamba anayeuma
naye huacha utumbo wake.

"Tupeane amani."

Nageuka.
Mkono wake uko hewani, haujui uende wapi.
Kidole cha kati bado kina sugu ya kalamu.
Naushika; ni mwepesi kama sega lililokaushwa.
Sisemi nimekusamehe.
Nasema: Jokūbas.
Midomo yake inahangaika,
kisha analitamka jina, polepole, sawasawa,
herufi zote, kama siku ya imla,
na hauachi mkono wangu, wala mimi wake,
hadi kinanda kinaanza.

Mwanakondoo wa Mungu,
uondoaye dhambi za dunia,
utuhurumie.

Nilitaka kuiruka ile silabi ya katikati.
Nilitaka kusema unihurumie, basi.
Lakini kwaya ilikwisha kuiimba,
*tu*, fupi hivyo, nyembamba hivyo,
na tulikuwamo ndani yake sote wawili,
tumebanana.